Kidhibiti Kilichohitaji Samadi

Haya, sogeeni, nyie mliopewa pikipiki za idara kabla hamjapewa subira. Juzi nimemwona mwenzenu mmoja, kijana mzuri, viatu vya mpira vipya, ameinama kwenye jaruba la mpunga huku Kibiti anapiga picha majani kwa simu. Simu ikamjibu kwamba mmea una njaa ya naitrojeni. Akamgeukia mwenye shamba, "Mzee, mpunga wako una upungufu, uwekee urea." Mzee wa watu alikuwa ameshika kisu cha kuvunia. Mpunga ulikuwa umeiva, wanangu! Umeiva! Yule mzee akamtazama, akatazama kisu, akamwambia, "Ahsante, mtaalamu," akaendelea kuvuna.

Simcheki. Basi, namcheka kidogo. Lakini nimemwita hapa pamoja nanyi kwa sababu mkuu wenu kaniomba niwasimulie nilivyokuwa nikisoma majani enzi za kazi, na mie nikiombwa kusimulia sijui kukataa. Jina langu la kuzaliwa wengi hawalijui. Kuanzia Umwe mpaka vijiji vya delta ambako hufiki bila boti, mie ni Bibi Shamba, na hata mume wangu, Mungu amrehemu, aliishia kuniita hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kusoma jani ni Mzee Mbonde, bwana shamba wa zamani, mtu mfupi, mkali, anayevaa kofia ya viua hata akiwa ndani ya tope. Yeye hakuwa na kipimo cha udongo. Alikuwa na ulimi. Siku moja tuko upande wa Mahege, mkulima analalamika kwamba hapaoti chochote. Mzee Mbonde akachota udongo, akauweka ulimini, akautema. "Udongo huu hauhitaji mbolea," akasema, "unahitaji mchele na nazi tu, chumvi imeshatosha." Mkulima akacheka, halafu akakaa chini akalia, maana shamba lenyewe ndilo alilokuwa nalo. Mzee Mbonde akakaa naye pale topeni mpaka jua likapinda, wakapanga wapi maji matamu yanaweza kupitishwa. Msiandike hilo la ulimi kwenye ripoti zenu, tafadhali. Siku hizi watu wanamwaga madawa kila mahali, mtakufa nyie.

Alichonifundisha ni hiki. Kabla hujauliza jani lina rangi gani, uliza manjano imeanzia wapi. Ikianzia chini, kwenye majani makongwe, na jani zima likapauka, mmea unakula akiba yake: unawanyang'anya wazee uwalishe vijana. Hiyo ni naitrojeni. Ikianzia chini lakini mishipa ya jani ikabaki kijani, hapo katikati tu ndipo pamekwajuka, ni magnesiamu. Ikianzia juu, kwenye jani changa, tafuta chuma, tena tafuta na kilichokizuia. Na ncha zikiungua kahawia na kujikunja, acha mbolea kabisa, mtu huyo kazidisha kitu, na huku kwetu mara nyingi kitu chenyewe ni chumvi. Mengine yote ni mapambo.

Sasa mlitarajia niwape mifano ya mikorosho na minazi. Mtaipata vitabuni. Mie nawapa ya bangi.

Msitazamane hivyo. Nimeitaja kwa jina lake kwa sababu huku kwetu haitajwi. Miaka yote ya kazi watu wamekuja na jani lililofungwa kwenye pindo la kanga. "Bibi Shamba, hebu tazama, ni mboga ya jirani, imepauka." Namjibu, "Mwambie jirani yako aing'oe mboga yake kabla haijamng'oa yeye." Anaondoka kajikunyata. Kulima bangi ni kosa la jinai, na asije mtu akasema Bibi Shamba kanifundisha. Bangi ya pekee niliyoitibu maishani mwangu niliitibu kwa amri ya serikali, ndani ya ndoo ya serikali, nyuma ya kituo cha polisi ambacho jina lake nalificha kwa heshima ya waliokuwapo.

Ilianza kwa Bi. Siwema. Huyu ni mjane wa delta, mama mtu mzima, kazi yake kuchemsha kamba na kuwaanika. Mikono yake ilinuka kamba hata siku ya Idi. Vijana wa Dar walikuwa wakija kijijini na maboksi ya barafu kununua kamba wabichi, na wakisubiri boti walikaa nyuma ya jiko lake, kivulini, wanavuta ndumu yao na kutema mbegu. Mbegu moja ikaota. Bi. Siwema akaiona, akadhani ni ua la mjini. Ikakua, ikampita kimo, naye akawa anaanikia juu yake kitambaa cha kufutia sufuria.

Siku moja ikaja doria ya polisi. Wanatafuta boriti za mikoko zilizokatwa bila kibali. Boriti hawakuziona hata moja, jua kali, boti imewayumbisha tangu asubuhi. Bi. Siwema akawahurumia. "Karibuni wanangu, kaeni kivulini, niwaletee maji." Wakakaa. Wakanywa maji. Mmoja wao akainua macho aone kivuli chenyewe ni cha nini.

Wakamshika. Mmea wakauchimba na mizizi yake, wakautia kwenye ndoo na udongo wa pale jikoni, wakapanda boti. Maji yalikuwa na mawimbi, ndoo ikawa inaanguka anguka, na kila mmoja ana bunduki mkononi. Basi wakamwambia Bi. Siwema aishike. Kwa hiyo mshitakiwa akakipakata kidhibiti, ushahidi wa kesi yake mwenyewe, njia nzima mpaka bandarini, akikikinga na upepo kwa upande wa ushungi wake.

Kosa lenyewe lilikuwa ni kulima, si kukutwa nayo tu. Hapo msicheze. Kulima kuna kifungo cha miaka mingi, na Bi. Siwema kwa umri wake miaka hiyo hakuwa nayo. Yeye alisema kitu kimoja tu: "Kimeota chenyewe." Na mwendesha mashtaka naye alisema kitu kimoja tu: "Mmea ulionawiri hivi haujaota wenyewe, umelimwa na kutunzwa." Kesi nzima ikawa juu ya afya ya mmea.

Hakimu akampa Bi. Siwema dhamana. Kaka yake akamdhamini, kwa sharti awe anaripoti kituoni kila wiki. Kisha hakimu akasema maneno ambayo mahakimu husema kila siku: kidhibiti kihifadhiwe katika hali kilichokutwa nayo, hadi kesi itakaposikilizwa.

Mtunza vidhibiti wa kituo kile alikuwa Koplo Lameck, kijana wa bara, mpole, mwenye kuogopa makosa. Mwingine yeyote angeukausha mmea, akautia kwenye bahasha, akapiga lakiri, basi. Koplo Lameck aliwaza hivi: kidhibiti kilikutwa kibichi, kiko hai, kinapendeza. Basi amri ya mahakama ni kiwe kibichi, kiwe hai, na kipendeze. Tena aliyemtangulia alihamishwa kwa aibu baada ya gongo ya kidhibiti kupungua kwenye dumu bila maelezo. Jani moja likianguka, watu watauliza nani kalivuta.

Ndipo akaja ofisini kwangu, kavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, afande. Kuna nini?"

"Nina mgonjwa, Mama."

"Mpeleke zahanati."

"Ni wa majani."

"Tumbaku?"

Akatazama mlango. "Ni kubwa kidogo kuliko tumbaku."

Nilipofika kituoni nikaukuta mmea umewekwa chini ya dirisha la chumba cha mashtaka, na kila jani lililodondoka limewekwa kwenye bahasha iliyosainiwa. Ncha za majani zimeungua, zimejikunja. Nikachota udongo. Nisameheni, nikauonja. Lo! Ningeweza kuungia mchuzi.

"Unaupa maji gani?"

"Ya kisima cha hapa, Mama. Asubuhi na jioni, kwa saa kabisa."

"Nyie wenyewe mnayanywa?"

"Hapana! Yana chumvi hayo. Tunafulia tu, na sabuni haitoi hata povu."

"Basi hata yeye hawezi kunywa, mwanangu. Huyu hana pa kuyatema."

Ndoo yenyewe ilikuwa haina hata tundu. Nikamwambia aitoboe chini, maji yapate njia, kisha aushushie udongo maji ya mvua mengi mpaka chumvi ioshwe itoke. Akasita. Kutoboa ndoo si kuharibu kidhibiti? Akaenda kumuuliza mkuu wa kituo. Wakajadiliana. Wakakubaliana kwamba kidhibiti ni mmea, ndoo ni nyumba tu. Akatoboa kwa msumari wa moto, uso umemkunjamana utadhani anatobolewa yeye.

Ncha mpya zikatoka nzima. Koplo akanipigia simu kunieleza, sauti inacheka. Baadaye akapiga tena, sauti imekufa. Manjano. Imeanzia wapi? Chini. Jani zima au katikati ya mishipa? Zima, Mama, limekuwa kama ukindu mkavu.

Mnaona sasa jinsi kitu kilivyo. Tuliosha chumvi, tukaosha na chakula. Ule udongo wa jikoni uliokuja nao ulikuwa kidogo, nafasi iliyobaki walijazia mchanga wa barabarani. Njaa hiyo. Nikamwambia atafute samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, si mbichi, mbichi itaunguza mizizi.

Pale kituoni palikuwa na mbuzi. Naye alikuwa kidhibiti, wa kesi ya wizi, amefungwa kwenye nguzo ya banda la pikipiki. Kinyesi chake cha tangu mwanzo wa kesi kilikuwa kimelundikana kwenye kona, kimeoza kwa utaratibu mzuri kabisa. Lakini Koplo Lameck hakukigusa. Alitaka kwanza kujua, mavi ya mbuzi wa kidhibiti ni mali ya mlalamikaji, ya mshitakiwa, au ya Jamhuri? Mkuu wa kituo, ambaye kufikia hapo alikuwa amechoka, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Lameck, mavi si kidhibiti!"

Tukaroweka samadi kwenye pipa, tukachuja, tukamnywesha mgonjwa wetu maji yake taratibu. Mmea ukaamka. Kijani kikapanda. Koplo akawa anapita pale kila akitoka zamu, anaugeuza upande upande upate jua sawasawa. Nilimkuta siku moja anaufuta vumbi kwa leso yake. Nikamwambia, "Mwanangu, huo si mchumba." Akaona haya, lakini hakuacha.

Halafu mbuzi akakata kamba. Alikula tawi zima la upande wa kulia kabla hajavutwa. Koplo Lameck alinijia mwenyewe, jasho linamtiririka. "Mama, nimekwisha! Kidhibiti kimekula kidhibiti!" Nilitaka kumpa pole, nikashindwa, nikacheka mpaka nikashika meza. Yule mbuzi alishinda siku ile amesimama mbele ya ukuta anautazama kwa makini, hata mwenyewe alipokuja kumtambua, mbuzi hakumtambua yeye. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

La mwisho likawa magnesiamu. Majani ya chini yakakwajuka katikati, mishipa ikabaki kijani, alama safi ambayo kitabu hakichori vizuri zaidi. Nikamwambia akanunue haluli, ile chumvi chungu ambayo wazee hunywa wakifunga choo, aiyeyushe kidogo kwenye maji, amwagie. Kidogo, nikasema, wala usiipende mno. Haluli mjini pale ilikuwa kwa Bwana Dhanji tu, mwenye duka la jumla, ambaye babu yake alianza kuuza mapanga na vitambaa hapo kabla ya babu zetu kuanza kukopa. Koplo asingeweza kumwambia ni ya nini. Akanunua, akaondoka. Akarudi tena. Akarudi tena. Bwana Dhanji akaegemea kaunta, akamnong'oneza kwa huruma, "Afande, bado tu? Tangu siku ile?" Koplo akaitikia kwa kichwa, angefanyaje? Mke wa Bwana Dhanji akawa anamletea kituoni mapapai yaliyoiva. Mji mzima ukawa unamwombea Koplo Lameck tumbo lifunguke.

Na muda wote huo, kila wiki, Bi. Siwema alikuja kuripoti. Boti kwenda, boti kurudi, na katikati ni kukaa kwenye benchi la nje kusubiri aitwe. Benchi lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka kwenye ndoo. Tukipita tunasalimia, "Shikamoo, Bi. Siwema," "Marahaba, wanangu," kisha tunainama kwenye mmea. Kijijini wengine waliacha kununua kamba wake, wakaogopa kuonekana wanatoka jikoni kwake. Mmea unanenepa, yeye anapungua. Nililiona hilo, nikasema moyoni kesi ikiisha atapona.

Mwendesha mashtaka akaniita niwe shahidi wake. Kijana msomi, maneno yake yamepigwa pasi. "Bibi Shamba, wewe ni mtaalamu. Utaiambia mahakama kitu kimoja tu, kwamba mmea huu umetunzwa." Nikamwambia, "Nikiapa, nitasema nilichokiona." Akafurahi, akadhani tumekubaliana.

Kabla ya siku ya kesi nikapanda boti kwenda kwa Bi. Siwema, nione mahali penyewe. Msije mkatoa ushahidi wa jani bila kuona lilipokuwa. Nikakuta shimo walilolichimba, na kando yake, kwenye mlango wa nyuma wa jiko, ndipo anapomwaga maji ya kuchemshia kamba baada ya kuyazimua, na majivu, na maganda. Hapo hapo palikuwa na mpapai ulioota wenyewe, shina lake pana kama kinu. Palikuwa na mnavu wa kutosha kulisha harusi. Palikuwa na magugu ambayo sijapata kuyaona yamenona vile hata kwenye shamba la majaribio. Nikamuuliza, "Bi. Siwema, haya nani kapanda?" Akanitazama kwa mashaka, maana sasa aliogopa swali lolote. "Hayo nayo ni makosa?" akauliza.

Nililia ndani ya boti, nawaambia ukweli. Mwanamke mtu mzima anaogopa mnavu.

Ikafika siku. Ndoo ikaingizwa mahakamani, ikawekwa mezani, na wallahi, watu waliguna. Mmea ulikuwa umependeza! Kijani kimeiva, majani mapana, mgongo umenyooka. Koplo Lameck alikuwa kapiga viatu rangi, kasimama kando yake kwa fahari kama baba wa bwana harusi. Bi. Siwema kizimbani alikuwa ameshika ukuta.

Mwendesha mashtaka hakupoteza muda. "Mheshimiwa, macho yako yanaona. Mmea wenye afya kama hii umelimwa kwa ustadi." Akanigeukia. Nikaapa kwa Msahafu. Nilijua swali linalokuja, na nilijua jibu lake litampiga nani.

"Shahidi, kwa utaalamu wako, mmea huu umetunzwa?"

"Umetunzwa sana."

"Kwa mbolea?"

"Kwa samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Kwa haluli. Kwa maji ya mvua."

Akatabasamu. "Je, mmea kama huu unaweza kupata vitu hivyo bila mkono wa mtu?"

"Hauwezi."

Bi. Siwema akafumba macho. Mwendesha mashtaka alikuwa anakaa, lakini hakimu, mtu mzima mwenye mafua, akainua kidole. "Ngoja. Shahidi, unajuaje kuwa ni haluli?"

Nikamtazama Koplo Lameck. Ana mke, ana watoto wadogo, na kulima ni kulima, sheria haikuandika "isipokuwa askari". Nikisema, nimemtia kitanzi kijana aliyetii amri. Nisiposema, mama wa watu anakwenda kufia jela. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba dakika," na sikujua dakika hiyo naiombea nini.

Koplo Lameck akapiga hatua mbele, akapiga saluti. "Mheshimiwa, ni mimi. Kila jani unaloliona hapo nimelilea mimi. Yale yaliyotoka kwa mama huyu yote yalishapukutika, yamo kwenye bahasha. Niliambiwa na mahakama kidhibiti kihifadhiwe katika hali kilichokutwa nayo."

"Nani alikuambia?"

"Wewe, Mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akautazama mmea. Akamtazama Koplo, akanitazama mie, akapenga kamasi. "Kwa hiyo," akasema polepole, "katika chumba hiki, mtu aliyethibitishwa bila shaka yoyote kuwa alitoa amri ya kulima bangi ni mimi."

Mie nikaona mlango umefunguka, nikaingia. Nikamweleza habari ya jiko, maji ya kamba, majivu, mpapai na mnavu. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kama kunawiri ni ushahidi wa kulimwa, basi magugu ya jalala la Kibiti yamelimwa kuliko shamba la mkulima wangu yeyote. Mmea haujui nani kaukusudia. Ukipata chakula unakula." Nikasema mmea ule ulikula makombo ya mtu asiyejua kuwa analisha kitu. Mwendesha mashtaka akataka kuinuka, akatazama ndoo, akabaki alipo.

Hakimu akamwachia Bi. Siwema huru. Akaamuru mmea uteketezwe pale pale nyuma ya mahakama, mbele ya mashahidi, leo hii, na kuanzia leo mtu asihifadhi tena kitu katika hali yoyote bila kumuuliza kwanza.

Tukatoka sote nyuma. Koplo akawasha kiberiti. Mmea haukushika. Akawasha tena. Umeshiba maji ule, umenona, unatoa mvuke tu unachemka. Mwendesha mashtaka akavua koti akaja kusaidia. Mmoja akasema tuukaushe kwanza kwa siku chache. Akaulizwa, na nani ataukausha? Kukausha bangi nako ni kosa. Mwingine akasema mafuta ya taa. Mie nikashauri makuti makavu yatandikwe chini. Tukawa tumeizunguka ndoo, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ana maoni, moshi unatutoa machozi, na Koplo Lameck machozi yake sijui kama yalikuwa ya moshi tu.

Nyuma yetu tukasikia kitu kimeanguka. Bi. Siwema alikuwa amekaa chini, mzima mzima, ushungi umemshuka. Kumbe alikuwa amesimama pale muda wote, maana aliambiwa yuko huru lakini hakuna aliyemwambia anaweza kwenda. Nikamkimbilia, nikageuza kiganja chake. Cheupe, hakina damu. Nikamtazama ndani ya kope, hivyo hivyo. Mifupa ya mkono naihesabu kwa vidole.

Mwendesha mashtaka akainama. "Mama, umeanza lini kuwa hivi?"

Bi. Siwema akavuta pumzi. Akaonyesha kidole kwenye ndoo.

"Tulikuja siku moja, mie na huyu, boti moja, nimempakata," akasema. "Yeye mlimuuliza anakunywa maji gani. Mkamtafutia dawa dukani. Mkamgeuza jua lisimchome. Mie nakaa hapo benchini kila wiki nawatazama. Ningejua, wanangu, na mie ningekuja nimekaa ndani ya ndoo."

Koplo Lameck akakitupa kiberiti, akamwinua kwa mikono miwili, akamchukua mbio kuelekea zahanati, na sisi wengine tukamfuata tukikimbia, tukauacha ule mmea umesimama pale peke yake unatoa moshi.